Nyumba za Sayansi na Ardhi Inayozibeba

Linapotajwa jengo la sayansi, wanafunzi wengi hukumbuka mara moja maabara ya shule: meza ndefu, chupa za kemikali, kabati la vifaa na dirisha linalotazama uwanja wa mpira. Ni nadra mtu kufikiri kwamba jengo la namna hiyo laweza kuwa zuri, na ni nadra zaidi kufikiri kwamba uzuri wake waweza kuhusiana na mlima, bahari au msitu ulio kando yake. Hata hivyo, baadhi ya majengo yanayovutia sana macho duniani yalijengwa kwa ajili ya sayansi, mbali na miji, na wala hayakukusudiwa kuwa mapambo.

Makala haya yanaeleza mahali pane pa namna hiyo: jukwaa la chuma katika pwani ya Kenya, kilele cha mlima katika jangwa la Chile, bonde la mawe ya chokaa katika kisiwa cha Puerto Rico, na kituo cha utafiti katika msitu wa Usambara. Katika kila mahali yapo maswali mawili. La kwanza ni hili: jengo hili limepataje umbo lake? La pili ni gumu zaidi: ni nani au ni nini kilicholipa gharama yake?

Somo la mafundi wa pwani

Kabla ya kwenda mbali, yafaa kuanzia nyumbani. Mafundi waliojenga nyumba za mawe katika miji ya pwani, kama vile Lamu, walitumia mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni imara, lakini haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikiwa ni ndefu kupita kiasi. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, nao kwa kawaida haukuzidi mita 3. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na kuta zikawa nene zenye kuhifadhi ubaridi.

Mtu anayeingia leo katika nyumba hizo husifu utulivu wake, pengine bila kujua kwamba utulivu huo ulitokana na mti unaoota katika maji ya chumvi. Fundi hakushindana na mahali alipokuwa. Aliyapokea masharti ya mahali hapo, akayafanyia kazi mpaka yakawa umbo. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayoonekana katika majengo bora ya sayansi.

Miguu ya chuma katika Ghuba ya Ungwana

Kaskazini ya Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni, yamesimama baharini majukwaa ya chuma yaliyowekwa na Waitalia katika miaka ya 1960 kwa ajili ya kurushia roketi. Jukwaa la kurushia liliitwa San Marco, na lile la kuongozea kazi liliitwa Santa Rita. Mwanzilishi wa mradi huo alikuwa mhandisi Luigi Broglio. Kati ya mwaka 1967 na mwaka 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani za aina ya Scout.

Kwa nini Waitalia waliacha nchi yao na kuja kujenga katika maji ya Afrika Mashariki? Jibu lipo katika mzunguko wa dunia. Kila kitu kilicho juu ya ikweta huchukuliwa na dunia kuelekea mashariki kwa mwendo wa karibu mita 465 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 1,670 kwa saa. Kadiri mtu anavyosogea kaskazini au kusini ndivyo mwendo huo unavyopungua, na katika ncha za dunia huwa sifuri. Ngomeni ipo karibu digrii 3 tu kusini ya ikweta. Roketi inayorushwa hapo kuelekea mashariki huanza safari ikiwa na mwendo huo wote bila ya kuchoma fueli kwa ajili yake. Tena, upande wa mashariki hakuna kijiji wala shamba, bali Bahari ya Hindi. Vipande vya roketi vinavyoachwa njiani huangukia majini.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa hilo setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kiongozi wa mradi wake upande wa Marekani, Bibi Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Miale ya eksirei ya nyota haifiki ardhini kwa kuwa huzuiwa na angahewa, hivyo ilikuwa lazima chombo kipande juu ya hewa. Nao mzingo uliokaribia ikweta ulisaidia kukikinga chombo hicho, kwa sehemu kubwa, na eneo lililo juu ya Atlantiki ya kusini ambako chembe zenye chaji hushuka karibu na dunia na kuvuruga vipimo. Setilaiti hiyo iliorodhesha vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 vilikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo wa kuwapo kwa mashimo meusi. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Majukwaa hayo hayana nguzo za nakshi wala rangi za fahari. Ni sakafu, mitambo na miguu iliyokitwa katika mchanga wa bahari. Lakini anayeyatazama kutoka ufukweni asubuhi, mistari yake iliyonyooka ikiwa imesimama juu ya maji yaliyotandazwa, haoni kitu cha kupunguza wala cha kuongeza.

Nyumba iliyojificha jangwani

Giacconi huyo huyo, kati ya mwaka 1993 na mwaka 1999, alikuwa mkurugenzi mkuu wa shirika la nchi za Ulaya lililokuwa likijenga darubini kubwa juu ya mlima Paranal, katika jangwa la Atacama nchini Chile. Mlima huo una kimo cha mita 2,635, na Bahari ya Pasifiki ipo umbali wa kilomita 12 tu.

Nyota humetameta kwa sababu mwanga wake hupita katika hewa yenye matabaka ya joto mbalimbali yanayochezacheza. Jambo linalopendeza macho ya mshairi humkera mnajimu, kwa kuwa huichafua picha. Mahali pa kuweka darubini basi pawe na hewa iliyotulia, kavu, isiyo na mawingu wala taa za miji. Katika pwani ya Chile mkondo wa maji baridi huipoza hewa iliyo chini; hewa hiyo nzito hubaki chini pamoja na mawingu yake, na juu yake husimama hewa kavu na tulivu. Mara nyingi mtu aliye kileleni huona mawingu yamefunika bahari chini ya miguu yake ilhali juu yake mbingu ni safi. Kwa mwaka hupatikana zaidi ya siku 300 ambazo usiku wake ni mweupe.

Darubini kubwa za Paranal ni 4, kila moja ikiwa na kioo chenye kipenyo cha mita 8.2. Ziliitwa Antu, Kueyen, Melipal na Yepun, maneno ya lugha ya Wamapuche, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa kale wa nchi hiyo. Maana yake ni Jua, Mwezi, Msalaba wa Kusini na Zuhura, nyota ya jioni. Majina hayo yalitokana na shindano la insha la wanafunzi wa shule za mkoa wa Antofagasta, na insha iliyoshinda iliandikwa na msichana wa miaka 17.

Jengo la kushangaza zaidi, hata hivyo, halipo kileleni. Ni makazi ya wafanyakazi yaliyokamilika mwaka 2002, yaliyochorwa na wasanifu wa Kijerumani wa kampuni ya Auer Weber. Wasanifu hao walipewa sharti moja zito: mwanga wa nyumba usitoke nje usiku, maana hata taa ya chumba kimoja yaweza kuharibu kazi ya darubini. Walilitimiza sharti hilo kwa kulizika jengo katika mwinamo wa ardhi. Zege lake lilitiwa oksidi ya chuma ili liwe na wekundu wa udongo wa jangwa. Juu ya ukumbi wake kuna kuba lenye kipenyo cha mita 35, linaloingiza mwanga wa mchana na kufunikwa usiku. Chini ya kuba kuna bustani na bwawa, ambavyo huiongezea unyevu hewa inayokausha midomo na macho ya wafanyakazi. Mtu aliye mbali huweza kutazama upande huo asijue kwamba mbele yake kuna nyumba yenye vyumba zaidi ya 100.

Hapa yapasa kusemwa pia jambo la pili. Ili kupata uwanja wa kuweka darubini, mwaka 1991 kilele cha Paranal kilipasuliwa kwa baruti na kupunguzwa kwa karibu mita 28. Nyumba ilijificha, lakini mlima ulikatwa kichwa. Anayesifu moja asisahau lingine.

Sinia katika bonde

Katika kisiwa cha Puerto Rico kuna nchi ya mawe ya chokaa ambayo maji ya mvua, yakiwa na asidi kidogo, huyayeyusha polepole na kuacha mabonde ya mviringo mfano wa mabakuli. Karibu na mji wa Arecibo wahandisi walilichagua bonde mojawapo, na ndani yake wakatandaza sinia la darubini ya redio lenye kipenyo cha mita 305. Darubini hiyo ilizinduliwa mwaka 1963. Sinia kubwa kiasi hicho lisingeweza kugeuzwa. Kwa hiyo lililala chini, na vipokezi vya mawimbi vikaning'inizwa juu yake katika jukwaa lililoshikwa na kamba za chuma kutoka minara mitatu. Bonde lilikuwa ndilo msingi, na vilima vilivyolizunguka vilisaidia kuzuia kelele za redio. Sinia lilikuwa la bamba za alumini zenye matundu. Mvua na mwanga vilipita, na chini yake mimea iliendelea kuota.

Kwa chombo hicho iligunduliwa mwaka 1965 kwamba sayari ya Utaridi hujizungusha mara moja kwa siku 59, na si siku 88 kama ilivyodhaniwa. Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor waligundua kwacho nyota mbili nzito zinazozungukana, mojawapo ikiwa ni pulsa. Mizunguko yake ilitoa ushahidi wa mawimbi ya mvutano, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Mwezi Agosti 2020 kamba moja ya usaidizi ilichomoka. Mwezi Novemba kamba kuu moja ilikatika. Asubuhi ya tarehe 1 Desemba 2020 jukwaa lenye uzito wa zaidi ya tani 800 lilianguka na kulipasua sinia. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba zinki iliyoshikilia ncha za kamba ndani ya vikombe vyake ilikuwa ikiachia polepole, na kwamba dalili za kuchomoka zilionekana baada ya tufani ya mwaka 2017 bila ya kuchukuliwa hatua za kutosha. Jengo lililodumu miaka 57 lilishindwa mahali ambapo kamba hukutana na kikombe chake, sehemu ndogo ambayo mgeni anayepiga picha hawezi kuiona. Uzuri wa jengo la sayansi haumaliziki siku ya uzinduzi. Hutunzwa na fundi mwenye grisi mikononi na mkaguzi mwenye daftari.

Amani: bustani na msitu

Mfano wa nne upo Tanzania, na ndio unaohitaji kufikiriwa zaidi. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani ilianzisha kituo cha utafiti wa viumbe na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kimo cha karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari. Nyumba zake ziliwekwa juu ya vilima, zikitazama msitu wenye ukungu wa asubuhi, na kuzunguka nyumba hizo ikapandwa bustani kubwa ya mimea kutoka pande nyingi za dunia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikiendeleza kituo hicho, na baadaye kikawa mahali pa utafiti wa malaria.

Faida yake haikanushiki. Ni Amani ambako H. H. Storey na wenzake, kuanzia miaka ya 1930, walizalisha muhogo unaostahimili ugonjwa wa batobato kwa kuuchanganya na mti wa jamii yake, mpira wa Ceará. Uzao wa mihogo hiyo ulitumika baadaye hata Nigeria, na damu yake, kwa lugha ya mkulima, bado ipo katika mashamba mengi ya Afrika.

Lakini katika miti iliyoletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwamo mti uitwao kwa jina la kisayansi Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Mti huo hukua upesi na hupenda mwanga. Tunda lake huliwa na hondohondo, nao ndege hao huzibeba mbegu na kuzidondosha mbali. Misitu ya Usambara ilipokatwa magogo katika karne hiyo hiyo, yalibaki mapengo yenye jua, na mbegu hizo zikapata nafasi. Mti uliokuwa mgeni katika bustani ukaingia msituni na kuchukua mahali pa miti ya asili, katika milima ambayo ina mimea na wanyama wasiopatikana penginepo duniani. Mwaka 1997 sehemu kubwa ya msitu huo ilitangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia, na walinzi wake wakarithi tatizo lililopandwa kabla hawajazaliwa.

Hakuna aliyekusudia ubaya huo. Waliopanda bustani walikuwa wataalamu, na bustani yenyewe ni nzuri hadi leo. Ndiyo maana mfano huu ni mzito: macho peke yake hayawezi kuamua kama jengo au bustani inapatana na mahali ilipo. Katika jukwaa la Ungwana athari huonekana. Huko Amani athari ilisafiri ndani ya tumbo la ndege.

Mahali penye wenyewe

Gharama nyingine huwaangukia watu. Mlima Mauna Kea katika visiwa vya Hawaii una kimo cha mita 4,205, na juu yake zipo darubini kadhaa, zikiwamo zile ambazo Andrea Ghez alizitumia kufuatilia nyota zinazozunguka kitovu cha galaksi. Reinhard Genzel alifuatilia nyota hizo hizo kutoka Chile, na kwa kuthibitisha kwamba hapo kitovuni pana kitu kizito mno kisichoonekana, chenye uzito wa karibu jua milioni 4, wawili hao walishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2020. Lakini kwa wenyeji wa Hawaii mlima huo ni mtakatifu. Ilipopangwa kujengwa juu yake darubini mpya yenye kioo cha mita 30, wengi wao, wakiwamo wazee, walikaa barabarani mwaka 2015 na tena mwaka 2019 kuzuia ujenzi. Mwaka 2022 sheria ya huko iliunda mamlaka mpya ya kuusimamia mlima, ambayo wenyeji wana viti ndani yake, na darubini mbili za zamani zimekwisha kuondolewa.

Wengine waliuona ugomvi huo kuwa ni wa dini na sayansi. Maelezo hayo hayatoshi. Wapo wenyeji waliopenda unajimu na bado wakauliza: ni nani aliyeombwa ruhusa? Swali hilo halijibiwi kwa ubora wa kioo.

Vipimo vitatu

Kutokana na mifano hii vinaweza kupatikana vipimo vitatu vya kulipimia jengo la sayansi katika mandhari ya maumbile. Kwanza, je, umbo lake lina sababu inayotokana na mahali penyewe, kama upana wa chumba ulivyotokana na boriti? Pili, je, wapo watu na fedha za kulitunza mpaka siku ya mwisho, na ya kuliondoa pia? Tatu, je, ardhi, viumbe na watu waliokuwapo kabla yake wamehesabiwa kwa uangalifu ule ule uliotumika kuhesabu uzito wa paa?

Vipimo hivi havihitaji mlima wa Chile ili vitumike. Nchi nyingi za Afrika Mashariki zinaendelea kujenga maabara, vituo vya hali ya hewa na madarasa ya sayansi, na wanafunzi wanaosoma makala haya ndio watakaokuwa wahandisi na wajumbe wa kamati zitakazoamua mahali pa kuvijenga.

Zoezi kwa wanafunzi

Simamisheni kijiti cha mita 1 katika uwanja wa shule. Pimeni urefu na upande wa kivuli chake saa sita mchana mwezi Juni, na tena mwezi Desemba. Kisha chunguzeni kuta ndefu za maabara yenu zinatazama upande gani. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni huingia chini kabisa kupitia madirisha ya mashariki na magharibi, na ukingo wa paa hauwezi kulizuia. Jua la mchana huwa juu, nalo huzuiwa kwa urahisi. Pimeni joto ndani ya chumba saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Halafu muulizeni mtu mzima aliyeishi hapo kabla shule haijajengwa: palikuwa na mti gani, maji yalipita wapi wakati wa masika, na nani alilima hapo? Andikeni ripoti yenye vipimo na majibu hayo pamoja, kisha jadilini darasani: kama maabara hiyo ingejengwa upya, ni ukuta gani ungegeuzwa, na ni mti gani ungeachwa?